Kalunguyeye na Kitabu cha Nyuki

Enzi wanyama walipokuwa na chuo chao, mkutubi mkuu alikuwa Korongo. Alijivunia vitabu visivyochakaa na ukumbi uliotulia, akaamini wasomaji wake wametosheka, maana hakuna aliyewahi kulalamika.

Jambo moja tu lilimshangaza. Kila asubuhi Kalunguyeye aliingia, akachukua kitabu kilekile cha ufugaji wa nyuki, akakaa nacho mpaka jioni. Mwishowe Korongo akamwendea.

"Mwanangu, nyuki unawapenda kweli!"

"Hata siwapendi, mkuu. Mimi nasomea udaktari wa meno."

"Sasa meno na nyuki wapi na wapi?"

"Hiki ndicho ninachokifikia, na asiye na kitabu hufukuzwa. Vya meno viko juu huko. Nangoja mtu mrefu apite. Mtihani ni kesho, na nikifeli tena narudishwa nyumbani."

"Mbona hukuomba msaada?"

Kalunguyeye akaonyesha bango ukutani: KIMYA. Korongo mwenyewe ndiye aliyelitundika.

Korongo alikunja miguu yake mirefu, akalaza kichwa sakafuni karibu na Kalunguyeye, akatazama juu. Kutoka pale hakuona kitabu hata kimoja, aliona mbao za rafu tu.

Akainuka, akaanza kuteremsha vitabu vya meno kwa mdomo. Panya akauliza kama vya sheria navyo vinaweza kushuka. Mara ukumbi mzima ukawa unaita, huyu hiki, yule kile.

"Bado cha magego," Kalunguyeye akanong'ona.

"Sema kwa sauti, mwanangu," Korongo akajibu. "Huku juu sikusikii."