Umeme wa Msugua Benchi

Tangu umeme wa kila nyumba uanze kutegemea pointi za mchezaji wa kikapu aliyechaguliwa na wenye nyumba, Sikudhani alikuwa amezoea kupima wanaume bila huruma. Dirisha dogo la kubadilisha wachezaji lilipofunguliwa, mumewe Kibwana, mchezaji wa akiba, alimwomba tena amchague yeye.

"Baba Shani, wewe unasugua benchi," alimjibu, akimpakulia wali. "Ukiingizwa, mashabiki wameshaanza kuondoka. Huwashi hata taa ya choo. Nabaki na Mgaya."

Friji ikanguruma kwa jasho la Mgaya. Feni nayo ikazunguka.

"Ipo nyumba moja imenichagua," Kibwana akasema kwa fahari. "Hawanitajii jina, lakini ipo."

"Basi ina mwendawazimu."

Hodi ikabishwa. Mama yake Kibwana akaingia na bakuli la samaki walioanza kunuka.

"Nihifadhieni, wanangu. Friji yangu haijawaka tangu ligi ianze."

Kibwana akainamia sahani. Sikudhani akapokea bakuli.

"Mama, dirisha bado liko wazi. Mbadilishe."

Bi mkubwa akajifanya hakusikia. Akamshika mwanawe bega, akaaga, akarudi kwake gizani.