Shamba Lisilouzika

Walipotoka ofisi ya ardhi, Manka na mdogo wake wa kiume, Ndekirwa, walirudi shambani. Wote wawili walikuwa wametia saini: shamba la marehemu baba yao halitauzwa wala kukatwa viwanja, leo na milele. Litalimwa tu, na miti ya kwenye chemchemi haitaguswa. Manka ndiye aliyelitaka jambo hilo. Ndekirwa alikubali kwa sababu dada yake alimlilia.

Mji ulikwisha kulizunguka shamba pande tatu, mabati yakang'aa hadi ukingoni mwa migomba.

"Wanangu watajenga wapi, dada?" Ndekirwa aliuliza.

Manka alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, ya maji, ya chakula, ya kaburi la baba. Lakini ni kweli alikuwa amewafungia watoto wale mlango ambao hawajaufikia.

Akaenda mpakani, akachuma jani la isale, mmea uliopandwa kuonyesha mpaka, akalifunga fundo, akamnyooshea Ndekirwa kwa mikono miwili. Kwao, ndivyo mtu anavyoomba radhi, na anayeletewa hakatai.

"Mimi ndiye mdogo," Ndekirwa alisema. "Huniombi wewe mimi."

"Leo nakuomba."

Maji ya chemchemi yalikuwa yakiingia taratibu mferejini waliposimama, yakilowesha viatu walivyovaa kwendea ofisini. Ndekirwa aliishika mikono ya dada yake pamoja na jani lile. Hakulichukua, wala hakuiachia mikono.