Tonge la Mwisho

Kikohozi kilimkaba Saveta kooni, akauma ukosi wa koti mpaka kikapita. Gavrila, baba yake wa ubatizo, aliyelala kifudifudi pembeni yake juu ya majani yaliyolowa, alimkata jicho, kisha akatabasamu.

"Ungekohoa, ningekuoza kwa kinyozi," alinong'ona.

"Yule kipara?"

"Huyo huyo. Nyamaza sasa."

Ulikuwa msimu wa madume kugombea majike. Ng'ambo ya bonde kulungu dume alinguruma, sauti nzito ya kukwaruza, ukungu ukaimeza. Siku tatu Saveta hakugusa sabuni, mnyama asimnuse. Upepo uliwapiga usoni, kama inavyotakiwa.

Mwaka jana, msimu huu huu, kaka yake Toader alikuwa huku peke yake, akipuliza pembe ya ng'ombe kumwita dume. Mtu akasikia mngurumo ndani ya ukungu, akafyatua. Nani, mpaka leo hajasema. Mama bado humwandalia Toader sahani yake, kisha hukaa akiitazama supu ya chorba ikipoa. Gavrila ndiye aliyeshika jeneza mbele, na alilia kuliko wote.

"Mama hatalala mpaka kazi aliyoiacha Toader iishe," Saveta alimwambia juzi. "Nipeleke, Baba." Gavrila hakuuliza zaidi.

Sasa aliweka pembe mdomoni, akanguruma. Akajibiwa karibu. Matawi yakavunjika, dume akatokea, shingo imevimba, mvuke unamtoka puani. Saveta hakupumua.

Gavrila akafyatua, risasi moja tu.

Walisimama juu ya mnyama. Gavrila alivua kofia. Akavunja kitawi cha msonobari, akakizungusha kidoleni, akakipiga fundo, akakiingiza kinywani mwa dume. Tonge la mwisho, aliyeuawa asiondoke na njaa.

"Wawindaji wote wanapiga fundo, Baba?"

"Wapi. Wao wanavunja na kuweka, basi. Fundo ni langu, nilijitungia nikiwa kijana." Alijifuta macho kwa kofia. "Mikono hii haingoji niiambie, mwanangu. Nikishaua, kabla sijafikiri lolote, kitawi kimeshaingia mdomoni."

Saveta akatoa kifuani leso aliyoificha mwaka mzima, akaifungua kiganjani.

Ndani mlikuwa na kitawi cha msonobari kilichokauka, kimepigwa fundo lile lile. Alikitoa kinywani mwa Toader alipokuwa akimfuta damu usoni, kabla mama hajaingia chumbani.