Saini Moja Pungufu

"Wewe si mkazi wa jiji hili, Bwana Haldorson," karani Mai Xiong alisema, akaweka rula yake kwenye karatasi na kulikata jina la mtu aliyeleta ombi lenyewe.

Ukumbi wa manispaa uliangua kicheko. Curt Haldorson, muuza magari tunayemfahamu sote hapa Kettle Bend, alikuwa amegonga milango siku sitini kwenye theluji kukusanya saini za kumng'oa meya. Ili uchaguzi wa meya urudiwe Aprili, sheria ilitaka saini 2,118 kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa hiyo. Alikuja nazo kamili, bila hata moja ya ziada. Sasa zilibaki 2,117, na iliyotupwa ilikuwa yake mwenyewe.

"Mimi nimezaliwa hapa!" alifoka.

"Sikatai. Ila mwaka juzi ulihamisha jina lako ukajiandikisha kule kwenye nyumba yako ya ziwani, nje ya jiji. Ulisema kodi ya kule ni nafuu. Uliniambia hapa hapa kaunta."

Ningekuwa mimi ndiye meya, ningecheka mpaka mbavu ziume. Meya Verna Wojcik, aliyekaa benchi la mbele na koti lake mwilini, hakucheka.

Verna alianza kwa kuendesha basi la shule. Kutoka kwenye usukani akaenda Madison, mji mkuu wa jimbo letu, miaka kumi na minne katika Bunge la jimbo, na huko wanaume wenye tai walijifunza kumwogopa. Akiwa mwenyekiti wa kamati, uliletwa muswada alioupinga kwa moyo wake wote. Angeweza kuufungia kwenye droo ukafia humo, ndivyo wenyeviti wenzake walivyofanya kila siku. Yeye akautoa, akausoma mbele ya Bunge zima, akaubwaga kwa tofauti ya kura tisa. Chama chake kilimnunia mwaka mzima. Baadaye akarudi nyumbani, akagombea umeya, akashinda.

Kosa lake lilikuwa nini? Alipoanza kung'oa mabomba ya zamani, yale ya madini ya risasi yaliyokuwa yakitia sumu maji yetu, alianzia mitaa ya relini, kwa watu wa viwandani. Hakuanzia kilimani kwa matajiri akina Haldorson, na kilimani hawakumsamehe. Mitaa tisa ya relini ilikuwa bado. Verna akiondoka, kazi hiyo inakufa. Haldorson alishalisema hilo hadharani, bila haya.

Ilipofika saa kumi na nusu, Haldorson alishika simu. Shemeji yake alikuwa Florida. Jirani yake alikuwa Florida. Mwezi wa Februari nusu ya kilima chote huwa Florida, wakiota jua, na waliobaki walikuwa wameshasaini. Akatoka barabarani kuwasihi wapita njia. Bahati mbaya kwake, waliokuwa wakipita ni watu wa relini, wakielekea kanisani kula samaki wa kukaanga wa kila Ijumaa.

"Saini moja tu, mama yangu!"

"Kawaombe samaki wa ziwani kwako!"

Alirudi na theluji mabegani, uso umemwiva. Akamwendea Verna moja kwa moja.

"Umeponea chupuchupu. Lakini usijidanganye kwamba umeshinda. Jumatatu asubuhi niko mahakamani. Nitasema karani wako amenichezea rafu, na jaji atasimamisha kila kitu mpaka kesi iishe. Hutachimba hata futi moja mwaka huu."

"Utamwita Mai mwizi?"

"Nitasema wewe umejificha nyuma ya rula yake. Na watu wataniamini, Verna. Unajua wataniamini."

Verna alijua. Ilimuuma, na sote tuliona ilivyomuuma, kwa sababu Mai alikuwa amefanya kazi yake tu.

Darlene Crump, mama wa watoto watatu ambaye mtaa wake ndio uliokuwa unafuata kupata mabomba mapya, akamshika meya mkono.

"Usimjibu, Mheshimiwa. Amekwisha huyo. Zimebaki dakika kumi. Wewe kaa hapo hapo kwenye kiti chako, maji yangu yaje."

"Darlene, kama kungekuwa na uchaguzi Aprili, ungenipigia kura?"

"Hata kwa kutambaa! Lakini Aprili hakuna uchaguzi, Mungu ametuepusha."

"Na majirani zako?"

"Nitawatoa kitandani mmoja mmoja. Kwani kuna nini?"

Verna alisimama, akanyoosha mkono.

"Curt, nipe hiyo karatasi ya mwisho."

Haldorson aliikumbatia kifuani. "Thubutu uichane! Naita polisi sasa hivi."

"Miaka kumi na minne Bungeni sikuchana karatasi ya mtu. Lete hapa, muda unakwisha."

Aliipeleka kaunta, akavaa miwani, akaiinamia kidogo, kisha akaisukuma upande wa pili. Mai Xiong aliitazama. Akamtazama meya.

"Mheshimiwa, una hakika?"

"Fanya kazi yako, Mai. Kwa sauti, wote wasikie."

Mai alifungua daftari la wapiga kura, akashusha kidole polepole hadi karibu na mwisho kabisa. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika hamsini na saba.

"Wojcik, Verna," akasoma. "Mtaa wa Hazel, nyumba nambari kumi na nne. Ni mkazi." Akagonga mhuri. "Saini 2,118. Ombi la kumng'oa meya limetimia."