Mikono Safi

Kisirani, kama walivyomwita bwenini kwa utundu wake, alirudi likizo akiwa ameazimia kumtunza mama yake kidaktari. Alisimama mlangoni, akajimiminia dawa ya kuua vijidudu viganjani, akaisugua hadi viwikoni, kisha akainua mikono juu kwa heshima zote za chumba cha upasuaji.

"Mgonjwa ajiandae kukumbatiwa!"

Mama alikuwa akiiwazia tangu asubuhi dripu ya kesho, ile ya dawa ya saratani ya titi. Hata hivyo alicheka, akanyoosha mikono. Binti alipomfikia tu, kicheko kilikatika. Mama alimsukuma, akainamia beseni, akatapika mpaka nyongo.

"Si wewe, mwanangu," alisema akihema. "Ni hiyo harufu. Ndiyo dawa wanayonipaka hospitalini kabla ya sindano. Mwili unadhani nimeshafika kule."

Kisirani alikimbilia bombani. Alijisugua kwa sabuni ya kufulia, kwa chumvi, kwa jiwe la kusugulia miguu, mpaka ngozi ikawaka. Akanusa. Harufu ilikuwa palepale, imeng'ang'ania kama kupe.

Aliporudi aliishia kizingitini, mikono kaificha mgongoni.

"Kesho siendi," mama alisema, macho kwenye beseni. "Waambie nimeshindwa."

Binti alilia kimya, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, maana aliogopa kuyafuta kwa viganja vile.

Mama akamtazama. Kisha akajibana pua kwa vidole viwili, akafungua mkono mwingine.

"Njoo," alisema kwa sauti ya puani. "Upesi, kabla sijavuta pumzi."