Sikio la Kulia

Baba yake alitokea ndani ya lenzi, katikati ya umati uliojaa kwenye ngazi za bunge la jimbo la Iowa, Marekani, ameinua bango: MWANAMUME HAGEUKI MWANAMKE.

Maren alibonyeza kamera kabla hajafikiri. Ilikuwa picha bora ya siku nzima: mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka, mvua inachuruzika kwenye kofia yake ya shambani.

Mzee huyo alimfukuza nyumbani Maren akiwa bado anaitwa mwanawe wa kiume. Tangu awe Maren, mzee hajawahi kumwona. Katika picha anazojipiga na kuzitundika kwenye majumba ya sanaa, Maren huketi kando ya kiti kitupu, kiti cha baba. Lakini leo alitumwa na gazeti, na gazeti halipokei picha ya mtu ambaye hakutaja jina lake mwenyewe.

Akapenya umati, akamzunguka mzee, akainamia sikio lake la kulia.

"Samahani mzee, natoka gazetini. Nikuandike nani?"

Mzee akataja jina lake. "Na uandike vizuri, binti. Nyinyi hamwishi kutupaka matope."

Maren akaitikia, akageuka aondoke.

"Hebu ngoja." Bango lilikuwa limeshuka. "Wenzako wote wamenipigia kelele huku kushoto, sikuambulia kitu. Wewe umezunguka bila kuambiwa. Nani kakwambia kushoto sisikii?"

Sikio la kushoto liliharibiwa na trekta shambani kwao. Nje ya familia hakuna aliyejua, maana mzee alilionea aibu.

Macho yake yakapanda taratibu kutoka kwenye kamera hadi usoni mwa Maren. Hiyo ndiyo picha ambayo Maren aliisubiri miaka yote.

Maren akafunika lenzi, akainama tena kwenye sikio la kulia, ili naye amtajie jina lake.