Nyumba ya Mwisho kwenye Orodha

Siku hizi kila nyumba hapa Korogwe ina kisikilizi ukutani. Mtu akikaa siku tatu bila kusemeshwa, kisikilizi kinapeleka jina lake kwenye kikundi cha kujitolea, na lazima atembelewe siku hiyohiyo.

Zamda, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa ametoka nyumba ya nane, miguu inamwaka moto, katibu wake Nyange alipompigia.

"Mama mwenyekiti, imebaki moja. Watu wote nimeshawatuma."

"Nipe nimalizie. Kwa nani?"

Nyange akashusha sauti. "Kwa mzee Semvua, mama. Ni kwako."

Zamda alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kusema naye. Siku tatu zote alitoka mumewe amelala, akarudi amelala.

Funguo alikuwa nazo, lakini utaratibu unataka mgeni avae kizibao cha kikundi na abishe hodi. Akabisha.

Semvua akafungua, akakitazama kizibao, akamvutia kiti cha wageni.

Zamda akasoma swali la kwanza, kama alivyolisoma kutwa nzima. "Mzee, hapa unaishi na nani?"

"Peke yangu, mama," Semvua alijibu kwa upole. "Mke wangu anajitolea."